Kidimbwi cha samaki nyumbani na ukali wa maji: tupeane uzoefu

Mwenye shitingi, Himbi
Bandugu, jambo. Naanza mimi, maana nimeumia. Kidimbwi changu ni shimo la mita 2 kwa 1.5, kina sentimita 80, nimelitandika shitingi (turubai la plastiki) kwa sababu hapa Goma chini ni mawe ya volkano matupu. Kukijaza ni bidoni 120 za lita 20. Piga hesabu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, halafu uniambie kama hungefanya nilivyofanya: nikaelekeza mfereji wa bati moja kwa moja kidimbwini, mvua ijaze bure.

Miezi miwili hakuna neno. Halafu zikapita wiki tatu za jua, moshi wa mlima umelala upande wetu, ndipo ikanyesha usiku kucha. Asubuhi tilapia kumi na moja wanaelea, na waliobaki wana utandu mweupe mwilini kama waliopakwa uji, wanahema juujuu. Nikachovya karatasi ya kupimia ukali wa maji (pH: 7 ni katikati, chini yake ni tindikali, juu yake ni magadi), ikatoka rangi ya chungwa. Kati ya 4 na 5.

Nyiragongo, volkano yetu, inatoa gesi ya salfa na nyinginezo, mvua ikipita humo inashuka na tindikali. Nilijua hilo kwa ajili ya majani ya maharage yanayoungua, sikulifikiria kwa samaki. Sasa nusu saa ya kwanza ya mvua namwaga nje. Halafu kila bidoni nne za mvua naongeza moja ya ziwa, karatasi inasoma 8. Maji ya Kivu yana magadi mengi, ndiyo yanayoishika ile tindikali. Mke wangu anasema samaki wanaogeshwa kuliko watoto.

Mama wa Keshero
Pole, papa. Mimi mvua siigusi, natumia ziwa tu, na mimi nililia kwa upande wa pili. Maji yangu yanasoma 9 siku zote. Tilapia wanavumilia, shida ilikuwa watoto kutupa bugali kila wakipita. Bugali inaoza chini, na samaki wenyewe wanachafua, inatoka amonia. Mtoto wangu anayesoma kemia ndiye aliyenifungua macho: maji yakiwa 7, sehemu ya amonia inayoua haifiki hata asilimia 1. Yakifika 9 kwenye joto la nyuzi 25, inapita asilimia 30. Uchafu ule ule, sumu mbali kabisa!
Nilipiga marufuku bugali. Chakula ni mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza mbele ya macho yangu. Kila Jumamosi natoa robo ya maji, napeleka kwenye mchicha.

Fundi wa Ndosho
Wanaojenga kwa simenti: simenti mpya inatoa chokaa, maji yanapanda hadi 10 au 11. Jaza, acha wiki, mwaga, sugua kwa vinegri, suuza. Rudia mpaka karatasi itulie. Wateja hawataki kusikia, wanataka samaki Jumapili ile ile ya ufunguzi.

Wa Panzi, Bukavu
Sisi huku ni udongo mwekundu, tindikali tunaishi nayo. Kidimbwi changu ni cha kuchimba, mita 4 kwa 3, na juu yake jirani ana mikaratusi. Majani yanaanguka, maji yanakuwa rangi ya chai ya rangi. Nilipima nikapata 5.5. Samaki hawakufa, ila walikuwa hawakui, na samadi ya kuku niliyoweka ili maji yawe kijani haikufanya kitu.

Rafiki akanishauri chokaa. Nami nikaenda kununua ile ya kupaka ukuta, nikamwaga ndoo nzima, samaki wakiwa ndani. Mungu anisamehe. Maji yalichemka meupe, samaki wakaanza kuruka hadi kwenye nyasi, saa sita mchana nilikuwa nao kwenye beseni, wote, na hatukuthubutu kuwala.

Inayotakiwa ni chokaa ya kilimo, jiwe lililosagwa bila kuchomwa. Nilikausha kidimbwi, nikatawanya kama gramu 150 kwa kila mita ya mraba, yaani chini ya kilo mbili kwa sakafu yote, nikangoja wiki mbili kabla ya kutia samaki. Hiyo inayeyuka polepole. Na mikaratusi nimeitegea wavu. Jirani hataki kukata, nami sitaki ugomvi wa mpaka.

Mgeni wa Katindo
Samahani yaya zangu, mimi napima mchana napata 9, mdogo wangu akipima asubuhi anapata 7. Karatasi zimeharibika?

Mama wa Keshero
Hazijaharibika, mwanangu. Maji yako ni ya kijani, siyo? Mimea ile midogo mchana inakula kaboni dioksidi, tindikali inapungua, namba inapanda. Usiku kila kiumbe kinapumua, gesi hiyo inarudi, namba inashuka. Ila ikiruka hivyo kutoka 7 hadi 9 kila siku, maji yako hayana magadi ya kutosha ya kuyatuliza. Pima alfajiri na saa tisa mchana, uandike zote mbili.

Wa Lubumbashi
Nimechelewa, umeme ulikatika. Huku Katanga tuna vichuguu vikubwa kama nyumba, na udongo wake una kalsiamu kuliko udongo wa kando. Baba yangu alijengea ukingo wa kidimbwi udongo huo, na maji hayakuwahi kutusumbua. Mimi mjuaji nikachimba changu kwenye udongo wa kawaida, nikajaza maji ya mvua, mwani ulipozidi nikatia mrututu, ile dawa ya buluu yenye shaba. Maji mepesi, yaani yasiyo na kalsiamu, yenye tindikali, ukitia shaba ni kifo: kipimo ambacho kwingine samaki wangekivumilia, kwangu kiliwamaliza kwa siku moja. Mwani siku hizi nautoa kwa chandarua kilichotoboka.

Mwenye shitingi, Himbi
Aksanti, nyote. Leo alfajiri 7.5, saa tisa 8. Wa Panzi, hiyo chokaa ya kilimo unaipata wapi? Huku kila duka naulizwa kama nataka kupaka nyumba.