Jamestown: ilikuwaje wafe njaa kando ya mto wenye samaki?

mdadisi:
Wakuu, naomba msaada. Waingereza waliofika Jamestown, Virginia, mwaka 1607 walikuwa na mto mlangoni na msitu uliojaa kulungu. Halafu baridi ya 1609 kuingia 1610 wanakula panya na ngozi za viatu. Walikuwa wavivu tu?

jalada_kuukuu:
Uvivu ni maneno ya John Smith, mmoja wa viongozi wao, aliyeweka sharti kwamba asiyefanya kazi asile. Mimi yule bwana simwamini sana, alipenda mno kujisifu. Anza na maji. Kiangazi mto James hupungua, maji ya chumvi yakapanda kutoka baharini, na uchafu wa ngomeni ukabaki palepale. Ndiyo waliyokunywa. Walioshuka Mei 1607 walikuwa 104 hivi; kufika Januari walibaki kama 38. Mtu anayeharisha damu utampa jembe?

Tena pete za miti ya kale zinaonyesha ukame mkali tangu 1606 hadi 1612. Wapowhatan, wenyeji wa pale, nao mahindi yao yalikuwa ya kubana, na hawa wageni wanakuja kuyadai kwa mtutu wa bunduki. Mwishowe wenyeji wakaizingira ngome. Kulungu wapo, sawa, lakini ukitoka kuwinda unakutana na mshale.

mdadisi:
Na zile habari za kula watu ni kweli?

jalada_kuukuu:
Kweli. Mwaka 2013 wachimbuzi walitangaza fuvu la binti wa Kiingereza wa miaka 14 hivi, lililotupwa shimoni pamoja na mifupa ya farasi na mbwa. Kwenye paji la uso kuna alama za kukata zisizoingia ndani, nne zimepangana, kama za mtu aliyesitasita. Alikuwa ameshakufa alipokatwa. Mei 1610 meli zilipofika, waliobaki hai Jamestown walikuwa 60 hivi.

bibi_kumbukumbu:
Niongeze kidogo. Hata njaa ilipopita hawakukimbilia chakula. Mlowezi John Rolfe alipofanikiwa na tumbaku kuanzia 1612, watu waliipanda mpaka barabarani, ikabidi serikali iwalazimishe kulima mahindi. Tumbaku ndiyo ilikuwa fedha. Mwaka 1621 Kampuni ya Virginia, iliyomiliki koloni hilo, ilileta wanawake wa kuolewa, na aliyetaka mke alilipa ratili 150 za tumbaku kufidia gharama za safari yake.

mdadisi:
Ratili 150! Na mashamba yote hayo alilima nani?

bibi_kumbukumbu:
Zaidi vijana maskini wa Uingereza waliofungwa na mkataba wa miaka minne hadi saba ili walipiwe nauli. Wengi walikufa kabla ya kuumaliza. Agosti 1619 wakaletwa Waafrika ishirini na ushei, waliotekwa Angola na kuporwa kutoka meli ya Wareno. Gavana na mfanyabiashara mmoja waliwanunua kwa chakula.