Moshi wa taka za mji mzima wa Arusha tunaulala sisi wa Muriet. Mpaka lini?

Wakuu, sijalala. Saa nane usiku taka zimeanza kuwaka tena dampo, upepo ukageukia kwetu, nikaamka kuziba chini ya mlango kwa kanga niliyoiloweka maji. Mwanangu ana miaka sita na ana pumu. Nimempakata mpaka adhana ya alfajiri, kifua kinapiga filimbi. Moshi wa plastiki ule si kama wa kuni, unakaba koo na harufu yake haitoki kwenye nguo hata ukifua.

Nauliza: zile taka ni za nani? Mtaani kwetu gari la taka lina wiki tatu halijapita, ila kila siku naliona likija dampo limejaa mizigo ya Njiro, Uzunguni na mahotelini. Yaani anayetupa analala kwenye hewa safi chini ya mijakaranda, na asiye na cha kutupa ndiye anayevuta moshi.

Mto nao vilevile. Themi inashuka kutoka Mlima Meru ikiwa na maji maangavu. Huko juu kuna miti, kuna kivuli, watu wanakaa wanapumzika. Ikishavuka mji inatufikia sisi wa chini ikiwa na povu, pampasi na maji ya vyoo. Na kina mama wanamwagilia mchicha hayo hayo, kwa sababu mengine hawana. Mchicha ule unapanda sokoni, mnaula wote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Kila mtu. Kifungu cha 57 kinalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mita hizo nimeona zikipimwa kwa mama mwenye kibanda cha mabati, kikang'olewa. Ukuta wa tajiri uliogusa maji hakuna aliyeupima.

Msiniambie niwapeleke watoto Hifadhi ya Arusha. Kiingilio chetu ni nafuu kuliko cha wageni, nakubali, lakini kifodi, daladala zetu, hakikuzungushi humo kuona wanyama. Gari la kukodi kwa siku ni zaidi ya kodi yangu ya chumba. Meru tunaiangalia tu kwa mbali, siku ambazo moshi umeruhusu.

Nilipeleka malalamiko ofisini, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Niliporudi, kijana wa mapokezi akaniambia, "Mama, si uhame?" Nihamie wapi kwa mshahara wa kufua nguo za watu?

Safari hii siendi peke yangu. Mlioko Muriet na mitaa ya jirani, andikeni hapa siku na saa moshi unapoingia ndani, na kama kuna mgonjwa wa kifua nyumbani. Nitazichapa zote nizipeleke. Ya kwangu: leo, saa nane usiku hadi saa kumi na moja, mtoto mmoja.