Kampuni ya mwavuli inaniahidi nibaki na asilimia 87 ya malipo, hii ni halali?

kontrakta_mpya
Wakuu habari za saa hizi. Nipo Uingereza, nimepata kazi ya IT ya mkataba kupitia ejensi, pauni 400 kwa siku, sasa wanasema lazima nilipwe kupitia kampuni ya mwavuli (ile inayokuajiri na kukulipa mshahara kutoka kwenye pesa ya ejensi) ila nichague mwenyewe. Kuna moja inanipigia simu kila siku, kwao eti nitabaki na asilimia 87 ya pesa, wakati zingine nilizouliza zote zinasema sitini na kitu. Nikauliza inakuwaje, wakasema kidogo nalipwa kama mshahara wa kima cha chini na iliyobaki inaingia kama mkopo kutoka mfuko ulioko nje ya nchi, na kwa kuwa mkopo sio mapato haukatwi kodi, na huo mkopo sitadaiwa kamwe. Wakaongeza kwamba HMRC, yaani mamlaka ya kodi ya Uingereza, wanaujua mpango wao na wamewapa namba kabisa. Nina watu wananitegemea na hiyo tofauti ni hela nyingi. Kuna anayeujua huu mpango?

Mzee wa Leja
Mkuu usisaini. Nafanya mahesabu ya makontrakta na nikisikia neno mkopo hapo huwa sihitaji kusikia zaidi.

Tupige hesabu. Ukifanya kazi siku 230 kwa mwaka hiyo ni pauni 92,000. Kwanza kabisa kampuni ya mwavuli inatoa humo humo National Insurance ya mwajiri (mchango wa bima ya jamii), asilimia 15, na tozo ya mafunzo nusu asilimia, hii watu wengi hawaijui wanadhani wanaibiwa. Inayobaki kama 80,000 ndio mshahara wako. Hapo pauni 12,570 za kwanza hazina kodi, mpaka 50,270 ni asilimia 20, juu ya hapo 40, halafu na National Insurance yako mwenyewe. Ukimaliza unabaki na kama 57,000, yaani asilimia 62, na hapo hata ada yao sijatoa wala pensheni. Kwa hiyo waliokuambia sitini na kitu ndio wanaokuambia ukweli. Huyo wa 87 anakuahidi 80,000, na hizo 23,000 za katikati ni kodi ambayo haijalipwa, na HMRC wanaweza kuja kukudai wewe, kwa sababu mapato ni yako.

Na hiyo namba isikudanganye, inaniuma sana wanavyoitumia. Kuna sheria tangu 2004 inayomlazimisha anayeuza mipango ya kuepuka kodi kuitaarifu HMRC, akishataarifu anapewa namba, basi. Sio kibali. HMRC wenyewe wanasema wazi hawaidhinishi mpango wowote wa namna hii, namba maana yake wameshauweka kwenye rada.

Dada Zuhura
Na sio watu wa IT tu jamani. Manesi wa ejensi na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wamenasa sana humu, wengine hata kuchagua hawakuchagua, walipewa fomu wajaze waanze kazi kesho. Nina mwenzangu kazini mambo yake yalifukuliwa miaka mingi baadaye, barua ikaja na deni na riba juu, kampuni iliyomlipa ilishafungwa zamani na simu haipokelewi. Halafu likaja la pili, yule "mkopo hutadaiwa" ukadaiwa! Madeni yale yaliuzwa kwa watu wengine kabisa na wao wakaanza kumwandikia alipe mkopo wenyewe, kwa sababu kwenye karatasi ni mkopo kweli na sahihi ni yake.

Mzee wa Leja
Dada umesema kweli tupu. Hili la mkopo lilishafika mpaka Mahakama ya Juu, kesi ya klabu ya mpira ya Rangers ya Glasgow, wachezaji walikuwa wanalipwa kupitia mfuko kisha wanapewa mikopo, na Julai 2017 majaji wakasema ile pesa ni mapato ya kazi tangu mwanzo. Mwaka huo huo bunge likapitisha ile Loan Charge, yaani mikopo yote iliyokuwa haijalipwa mpaka tarehe 5 Aprili 2019 ihesabiwe kama mapato ya mwaka mmoja. Mwanzoni walitaka kurudi nyuma mpaka 1999, kelele zikawa nyingi, ukafanyika uchunguzi, wakaishia kwenye mikopo ya kuanzia 9 Desemba 2010. Hata hivyo watu wameumia vibaya sana, nyumba zimeuzwa, na wapo waliojiua. Ndio maana sipendi mtu aniambie "mbona fulani anatumia na yuko salama", HMRC wanachelewa kukufikia lakini wanafika.

Siku hizi hawasemi mkopo kila mara, utasikia advansi, ruzuku, hisa, amana. Angalia kitu kimoja tu, kama kuna pesa inaingia benki ambayo haipo kwenye slipu yako ya mshahara, kimbia.

kontrakta_mpya
Asanteni sana, nimeshawajibu kwamba sitaki. Ila kuna ndugu yangu yupo kwenye kampuni inayofanana na hiyo kwa miezi mitano sasa, afanyeje? Nikimgusia anasema slipu zake ziko safi.

Dada Zuhura
Afungue programu ya HMRC kwenye simu, aangalie mshahara ulioripotiwa kwa jina lake kila mwezi, kisha aweke pembeni na taarifa ya benki. Kama benki imeingia zaidi basi ajue. Ahifadhi kila kitu, mkataba, meseji, barua pepe, kabla hawajamfungia akaunti. Atoke, halafu awapigie HMRC mwenyewe asisubiri barua, akijitokeza mapema riba inakuwa ndogo na wanakubali kupangiana malipo ya kila mwezi. Kama kipato chake ni kidogo TaxAid, shirika la hisani la ushauri wa kodi, wanasaidia bure. Na hiyo ziada aliyokwishapokea aiweke kando, asiiguse.