Asilimia 4 ya wanawake iko kwenye sheria, sisi tunaishi kwa kausha damu

Wakuu,

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie.

Kifungu cha 37A kilichoongezwa mwaka 2018 kwenye Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Siyo hisani ya diwani. Ni ushuru tunaoulipa wenyewe hapo mwaloni, boti zinaposhusha samaki, kila tukipakia gunia!

Sisi ni kina mama wa dagaa, Kanda ya Ziwa. Tunaomba hela ya chanja za kuanikia na maturubai, basi. Dagaa wa mchangani mvua ikinyesha wanaoza, na hata wakikauka wana mchanga, mnunuzi anakupangia bei anayotaka yeye. Wa kwenye chanja ni wasafi, bei yao nyingine kabisa. Cheti cha usajili tunacho, katiba, akaunti ya benki, andiko la mradi, namba za NIDA, muhuri wa mtendaji. Kila tukienda: "Faili liko kwa mkubwa, mtapigiwa." Tukitoka nje kuna mtu anatunong'oneza kwamba bila ya soda halisogei.

Aprili 2023 Serikali iliisimamisha mikopo hii baada ya ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali: vikundi hewa vilikuwa vimeitafuna. Ikarudi 2024 na masharti mapya, tumeyatimiza. Sasa mbona adhabu ya wezi tunaibeba sisi?

Huku tunasubiri, wenzetu wamekimbilia kausha damu, mikopo ya mtaani yenye riba ya kuumiza. Rejesho kila siku, umeuza hujauza. Ukikosa wanabeba friji, godoro, hadi masufuria. Mume alifichwa habari za mkopo, anajua siku vitu vinatolewa nje, na ngumi zinafuata. Mwenzetu mmoja ametoroka, watoto kamwachia bibi yao. Halafu Machi 8, Siku ya Wanawake, kiongozi anapanda jukwaani kutuambia mwanamke akiinuka kiuchumi nyumba inapata amani. Tunajua! Ndiyo maana tunaidai hiyo hela. Vitenge vya sare tunashona, maandamano tunaenda, Machi 9 faili liko palepale.

Ninachotaka: majina ya vikundi vilivyopata, kiasi na kijiji, yabandikwe ofisi ya kata. Huku tunajuana wote, kikundi hewa tutakitambua siku hiyohiyo. Kama kuna halmashauri inayobandika, itajeni hapa tuwapelekee wakubwa zetu mfano.