Gari la taka halijapita kwa wiki tatu, lakini ada inadaiwa: tuanzie wapi?

Mkazi wa Mtaa
Ndugu zangu wa Dar es Salaam, naomba ushauri. Mtaani kwetu gari la taka lilikuwa likipita kila Jumatano asubuhi. Sasa ni wiki ya tatu halijaonekana, masika yameanza, na maji machafu ya viroba yanatiririka hadi kwenye mfereji ulio mbele ya nyumba ya mama mwenye watoto wadogo. Hata hivyo, mkusanya ada alipita Jumamosi kudai malipo ya mwezi mzima, na baadhi ya majirani wameapa kutolipa. Je, malalamiko haya tuyapeleke kwa mkandarasi, serikali ya mtaa au manispaa?

Mjumbe Mstaafu
Poleni sana. Msikubali kuambiwa kwamba hilo ni suala la mkandarasi peke yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezikabidhi mamlaka za serikali za mitaa jukumu la taka ngumu. Mkandarasi amepewa kazi kwa mkataba, na mwenye uwezo wa kumbana ni manispaa. Andikeni barua yenye tarehe zote ambazo gari halikupita, mwambatishe nakala za stakabadhi, kisha mumkabidhi Afisa Mtendaji wa Mtaa, na nakala nyingine ziende kwa Afisa Afya wa Kata na diwani. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa, maana malalamiko ya mdomo nimeyaona mengi yakiishia mlangoni. Kuhusu kugoma kulipa, nawasihi msifanye hivyo: sheria ndogo zina faini, nanyi wenye haki mtageuka washtakiwa.

Dereva wa Zamani
Nimeendesha gari la taka. Mvua ikinyesha, njia ya kuingia dampo la Pugu Kinyamwezi hujaa matope, magari hupanga foleni, na lililopangiwa safari mbili hurudi na moja, hivyo mitaa ya mwisho kwenye ratiba ndiyo inayokosa. Simtetei mkandarasi, kwani masika huja kila mwaka naye anajua. Katika barua hiyo ombeni mtaa wenu usiwekwe mwisho tena, na siku ikirukwa gari lije kesho yake.

Mkazi wa Mtaa
Asanteni sana. Tumekwisha kukusanya stakabadhi za nyumba kumi na moja, na barua itafika kwa mtendaji Jumatatu asubuhi.