Mtoto wa wiki tisa ameandikiwa omeprazole ya kapsuli: nimpeje?

Mama Nasra, Mikindani

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za leo. Ninaomba ushauri kuhusu mwanangu wa pili, mvulana wa wiki tisa, ambaye tangu alipotimiza wiki tatu amekuwa akicheua maziwa karibu kila anaponyonya. Mara nyingine yanatoka kidogo tu pembeni mwa mdomo, mara nyingine yanalowesha kanga yote niliyoitandika begani, na jioni hulia huku akijipinda mgongo na kukunja uso kana kwamba kuna kitu kinamchoma. Wiki iliyopita nilimpeleka kwenye kituo kimoja cha afya, na baada ya maelezo mafupi niliandikiwa kapsuli kumi za omeprazole ya miligramu 20, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, nikaambiwa niwe ninazifungua na kumpa nusu kila asubuhi. Sikuulizwa uzito wake, na kadi yake ya kliniki haikufunguliwa.

Juzi nilijaribu kwa mara ya kwanza. Nilifungua kapsuli juu ya kisahani, zikamwagika punje nyeupe, ndogo kama mbegu za mchicha, zinazobingirika kila kisahani kinapotikisika. Nilizigawa kwa ncha ya kisu, nikaweka fungu moja kwenye kijiko cha chai pamoja na maziwa niliyoyakamua, lakini hazikuyeyuka. Nyingine zilibaki kijikoni, nyingine zikanata kwenye fizi zake, akapaliwa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akatapika kila kitu. Sijui kama alipata nusu, robo, au hakupata kabisa.

Mama mkwe wangu, ambaye ninamheshimu sana, anasema nizisage kwa mgongo wa kijiko mpaka ziwe unga. Jirani ana chupa ya ile dawa nyeupe ya maji ya vidonda vya tumbo, na wifi yangu wa Dar es Salaam amebakiza ranitidine, nayo dawa ya asidi, aliyokuwa akimpa mwanawe zamani. Ninaomba mnieleze njia sahihi, kwa sababu ninaogopa kumpalia tena, na ninaogopa pia kuacha dawa niliyoandikiwa.

Mfamasia, Lindi mjini

Dada Mama Nasra, pole sana, na mpe pole mtoto. Swali lako ninaliulizwa mara kwa mara dirishani, ila wengi huja kuuliza wakiwa wameshasaga.

Kila punje uliyoiona imevikwa utando, na utando huo una kazi yake. Omeprazole huharibiwa na asidi, kwa hiyo utando unailinda ipite tumboni salama na kuyeyukia kwenye utumbo mwembamba, ambako hufyonzwa na kuingia kwenye damu, na ni kwa njia ya damu ndipo inapozifikia chembe za ukuta wa tumbo zinazotoa asidi na kuzituliza. Ukisaga punje unauvunja utando, na asidi ileile unayotaka kuipunguza inaiharibu dawa kabla haijafanya kazi yoyote. Mweleze mama mkwe sababu hii kwa upole, maana ushauri wake umetoka kwenye nia njema na ninaamini atauelewa. Maziwa nayo si mahali pa kuchanganyia punje hizi, kwa kuwa hayana asidi ya kutosha kuuweka utando imara, na ukichelewa kidogo huanza kulainika humohumo kijikoni.

Jambo lililonishtua zaidi ni kwamba hukuulizwa uzito. Dawa ya mtoto wa umri huu hupimwa kwa miligramu kwa kila kilo ya mwili wake. Nusu ya kapsuli yako ingekuwa miligramu 10 endapo jicho lingeweza kugawa sawasawa, na haliwezi. Leo utampa 7, kesho 13, na kwa mtoto wa kilo tano tofauti hiyo si ndogo. Siandiki hapa kiwango, kwa sababu kiwango hutolewa na mtu aliyemwona mtoto, akampima na kumsikiliza mama yake.

Ikithibitika kwamba anaihitaji, kuna njia mbili zinazofaa. Ipo dawa ya pakiti iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto, kwa mfano esomeprazole, ndugu wa karibu wa omeprazole, ya miligramu 10, ambayo humiminwa kwenye mililita 15 za maji, huachwa dakika chache iwe nzito, na hutumiwa ndani ya nusu saa. Upo pia mchanganyiko wa maji ambao mfamasia huutengeneza kwa omeprazole na sodiamu baikaboneti ya hospitali, ukahifadhiwa kwenye jokofu na kutikiswa kila mara kabla ya kupimwa. Ninasisitiza neno mfamasia: ile baikaboneti ya jikoni, pamoja na magadi, visiingie kinywani mwa mtoto mchanga kwa hali yoyote, kwa sababu sodiamu ikizidi mwilini mwake humdhuru vibaya.

Kwa kumpa, acha kijiko. Omba bomba la sindano lisilo na sindano, dogo, la mililita moja au mbili. Mpakate akiwa ameinuliwa nusu kukaa, ingiza ncha ya bomba pembeni, kati ya fizi na shavu, usiielekeze kooni, kisha sukuma matone machache, msubiri ameze, ndipo usukume mengine. Usimbane pua ili ameze, na usiichanganye dawa na chupa nzima ya maziwa, kwa sababu asipoimaliza hutajua amepata kiasi gani. Omeprazole hutolewa karibu nusu saa kabla ya kunyonya.

Dawa ya jirani usimpe. Nyingi za namna hiyo zina madini ya alumini na magnesi, na figo za mtoto wa wiki tisa bado ni changa mno kuyatoa. Ranitidine ya wifi yako naye aitupe: mwezi Aprili mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwataka watengenezaji waiondoe yote sokoni kwa sababu ya kemikali inayoitwa NDMA, inayoweza kusababisha saratani, ambayo huongezeka kadiri dawa inavyokaa na kadiri inavyopata joto. Chupa iliyokaa miaka kabatini katika joto la pwani yetu haifai kubahatishwa kwa mtoto.

Usirudie njia ya juzi. Rudi ukiwa na kadi mkononi, ama hapo ulipoandikiwa, ama hospitali ya Ligula, na uulize kwanza kama dawa yenyewe inahitajika.

Muuguzi mkunga, wilaya ya Masasi

Mwanangu, ninaunga mkono ya mfamasia, na ningependa kuanzia pale alipoishia, kwa sababu ninaona swali kubwa zaidi limo kwenye kadi ambayo haikufunguliwa.

Mlango ulio kati ya umio, yaani mrija wa chakula, na tumbo la mtoto mchanga bado haujakaza, chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Maziwa yasiporudi juu ndipo ningeshangaa. Kucheua huku hufikia kilele karibu na miezi minne, kisha hupungua mtoto anapoanza kukaa na kula vyakula vizito, na wengi sana huwa wameacha kabisa wanapotimiza mwaka. Kwa hiyo tazama mstari wa uzito kwenye kadi. Ukipanda vizuri, akakojoa nepi sita au zaidi kwa siku, akanyonya kwa hamu na kucheka na dada yake, huyo ni mtoto mwenye afya anayechafua kanga.

Nalo lile la kulia jioni lisikuharakishe kwenye dawa. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliowagawa watoto wachanga 162 makundi mawili, moja likapewa lansoprazole, ambayo ni ndugu wa omeprazole, na jingine dawa ya bandia isiyo na kitu ndani. Katika kila kundi waliopata nafuu walikuwa asilimia 54, yaani dawa haikuzidi chochote, na waliopatwa na maradhi makubwa, hasa ya kifua, walikuwa wengi zaidi upande wa dawa. Asidi ya tumbo ni mlinzi anayeua vijidudu vinavyoingia na chakula, na kumwondoa mlinzi huyo kunahitaji sababu. Mwongozo wa mwaka 2018 wa madaktari bingwa wa mfumo wa chakula wa watoto wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini unasema vivyo hivyo: kucheua au kulia kwa mtoto ambaye vinginevyo ni mzima hakutibiwi kwa dawa za kuzuia asidi. Wapo watoto wanaozihitaji, kwa mfano wale ambao umio wao umechubuka na asidi, lakini hilo huamuliwa na daktari na hupewa muda maalumu kisha huangaliwa upya.

Niambie jinsi unavyomnyonyesha. Mama wengi ninaowaona wana maziwa mengi yanayotoka kwa kasi asubuhi, mtoto anagugumia pamoja na hewa, kisha anabebwa mgongoni papo hapo na mbeleko inakandamiza tumbo lililojaa. Mnyonyeshe kidogo kidogo mara nyingi, hakikisha ameshika sehemu nyeusi ya titi na si chuchu peke yake, mcheulishe anapobadilisha titi, kisha mkae naye wima kifuani kwa dakika 20 hadi 30 kabla ya kumlaza au kumbeba. Moshi wa jikoni na wa sigara umkae mbali. Uji mwepesi ambao bibi zake watapendekeza kwa kuwa "mtoto hashibi", usimpe, maana hadi miezi sita chakula chake ni maziwa yako tu.

Usiku mlaze chali, kwenye godoro bapa lisilo na mto. Najua hofu ya mama ni kwamba atapaliwa, lakini mtoto akilala chali njia ya hewa huwa juu ya umio, na maziwa yanayorudi hushuka tena kwenye umio. Akilala kifudifudi ndipo hatari ya kufa ghafla usingizini inapoongezeka.

Mama wa Newala

Ninaomba niongeze jambo moja, kwa sababu lilinipata. Kifungua mimba wangu alianza kutapika akiwa na wiki tano. Kwenye zahanati moja nikaambiwa anacheua kama watoto wote, nikapewa dawa ya maji ya gesi, nikarudi nyumbani. Lakini hakuwa anacheua. Maziwa yalikuwa yanaruka, yakapiga ukuta uliokuwa hatua moja kutoka kitandani, na dakika ileile akawa anatafuta titi tena kwa njaa. Siku ya nne nepi ilikuwa kavu kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Nilimvua nguo, nikamweka kwenye mwanga wa dirisha, na baada ya kunyonya nikaona tumbo lake likifanya mawimbi, yakitoka kushoto chini ya mbavu kwenda kulia, kama kitu kinachotambaa ndani.

Tulisafiri naye siku hiyohiyo. Hospitalini daktari alinieleza kwamba msuli wa njia ya kutokea tumboni kwenda kwenye utumbo ulikuwa umenenepa mpaka maziwa hayapiti, kwamba hali hiyo huwapata zaidi watoto wa kiume na hujitokeza sana kati ya wiki ya pili na ya nane, na kwamba hakuna dawa ya asidi inayoifungua. Walimtia maji kwanza, wakarekebisha chumvi za mwili, ndipo wakampasua. Leo yuko darasa la tatu. Mama Nasra, wako naye ni mvulana, basi naomba ujibu bila kuficha: yanaruka au yanatiririka?

Muuguzi mkunga, wilaya ya Masasi

Ahsante sana, Mama wa Newala. Nilipaswa kuanza na hilo. Kutapika kwa kuruka, matapishi ya kijani, damu, homa, tumbo lililovimba na kukaza, utosi uliotuna, mtoto anayekataa titi au aliyelegea, uzito unaosimama: lolote kati ya haya ni la hospitali siku hiyohiyo, iwe Ligula, Ndanda au Sokoine kwa walio Lindi, bila kusubiri siku ya kliniki.

Mama Nasra, Mikindani

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno, na nimemsomea mama mkwe kwa sauti. Yanatiririka, hayajawahi kuruka, na ni meupe kila mara. Homa hana. Kadi inaonyesha alizaliwa na kilo 3.1, na leo asubuhi nimempeleka apimwe, ana kilo 5.2. Nepi nilizozihesabu jana ni nane. Lile la mbeleko ni kweli kabisa: nilikuwa ninamnyonyesha haraka kisha ninamfunga mgongoni ili niwahi kufagia kabla Nasra hajaamka. Kesho ninakwenda Ligula na kadi na kapsuli zilizobaki.

Mama Nasra, Mikindani (baada ya siku tisa)

Ninarudi kuwapa taarifa. Daktari alimpima, akalibonyeza tumbo lake, akaniangalia ninavyonyonyesha, na akasema kwa sasa mtoto hahitaji dawa ya asidi. Akanirekebisha jinsi ya kumshikisha titi, akanipangia turudi baada ya wiki mbili. Bado anacheua, ila si kama awali, na jioni mama mkwe ndiye anayemkalisha wima kifuani nusu saa nzima huku akimwimbia, wala hakubali nimpokee. Nimebakiwa na kapsuli tisa. Nifanye nazo nini, kwa kuwa jirani ameniomba za vidonda vyake?

Mfamasia, Lindi mjini

Nimefurahi sana kusikia hivyo. Usimpe jirani, mwambie aende apimwe vidonda vyake ili atibiwe kilichopo. Kapsuli zirudishe kwenye famasia ya hospitali wakaziteketeze, usizitupe chooni wala jalalani ambako Nasra anaweza kuziokota.