Naomba ushauri: uzamili wa ugavi au nimalize kwanza mitihani ya bodi?

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Nina shahada ya ununuzi na ugavi, mwaka wa nne sasa natunza ghala la minofu ya sangara hapa Mwanza. Wiki iliyopita lori lilichelewa, barafu ikayeyuka, maji yakatiririka hadi mlangoni, mzigo ukakataliwa. Iliniuma sana, maana kwenye leja yangu kila kitu kilikuwa sawa. Nataka kuuelewa mnyororo mzima, kuanzia mwaloni Kirumba mpaka kwa mteja. Sasa niende Dar, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo, nisome zaidi, au nibaki kazini nimalize mitihani ya CPSP, yaani cheti cha utaalamu cha PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi? Nina mtoto mdogo, na mama ananitegemea. Mliopita njia hii, waajiri huangalia nini zaidi?